Kumzika Mtu kwa Kiingereza

Mratibu Ansbert alikuwa na tabia ya kuongea huku anatafuna, na hilo ndilo jambo la kwanza Mwalimu Deodata alilomchukia. Gari la shirika la kuhudumia wakimbizi likitoka Biharamulo ni lazima lisimame Lusahunga, pale malori yanapopumzika, na Ansbert ni lazima anunue mbavu za mbuzi zilizochomwa. Basi anafika nazo kambini, zimefungwa kwenye gazeti lililolowa mafuta, anaingia nazo mpaka darasani, anaegemea meza ya mwalimu na kuendelea kuguguna mifupa mbele ya watoto ambao leo wamekula mahindi na maharage, na kesho watakula mahindi na maharage. Akimaliza, anajifutia vidole kwenye kona ya chati ya ukutani. Jamani! Chati ambayo mwenzake kaichora kwa mkono, kwa kalamu ya kuazima. Deodata alikuwa anaviona vile vidole hata akiwa nyumbani kwake anasonga ugali.

Alikuwa Mhangaza, mzaliwa wa vijiji vya Rulenge, kasomeshwa na masista. Warundi walipofurika wilaya ya Ngara kukimbia vita vya kwao, na vilima vizima vikaezekwa maturubai, shirika lilitafuta walimu wa Kiingereza, naye akapata. Hakuhitaji mkalimani, maana Kihangaza na Kirundi vinasikilizana. Asubuhi alipanda baiskeli kwenda kambini, jioni akarudi, na katikati ya hapo alikuwa na darasa la kuta za turubai na mabenchi ya miti ambayo hayajapigwa randa vizuri, yanachana sketi. Lakini wanafunzi wake aliwapenda. Walikuwa wamemaliza shule ya msingi kwao kwa Kirundi na Kifaransa, na sasa walikuwa wamekwama, kwa sababu sekondari za huku zinafundisha kwa Kiingereza. Asiyekijua Kiingereza alibaki kuchanja kuni.

Muhula ule walikuwa wanajifunza kuunganisha sentensi. Kitabu chenyewe kilikuwa kikavu. Eti mtu fulani ni mrefu, fulani mwingine ni mfupi, unganisha. Nani ana shida na urefu wao? Deodata akakiweka kando. Alifunga kamba ya katani kutoka nguzo hadi nguzo, akakata maboksi ya mafuta ya msaada vipande vipande, na kwenye vile vidogo akaandika maneno ya kuunganishia: because, but, so, although, until. Kila mwanafunzi akaagizwa kuja na sentensi mbili za kwao nyumbani, za kweli, azibane kwenye kamba kwa vijiti vilivyopasuliwa. Mwenzake ndiye achague kiunganishi cha kuning'iniza katikati, na aeleze kwa nini kachagua hicho.

Wee! Watu walibishana mpaka jasho likawatoka. "Bibi anataka ugoro. Ugoro hakuna." Hapo darasa liligawanyika, huku wenye but, kule wenye although, na bibi mwenyewe angekuwepo angewapiga fimbo wote. "Mama alipika. Kuni zilikuwa mbichi." "Turubai linavuja. Mvua ilinyesha." Wenye kulitamka vizuri neno because walilitamka, wengine walisema bikozi, na Deodata aliacha hiyo bikozi ipite, mradi iko mahali pake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aanze kufundisha kuona watoto wanalazimika kufukuzwa darasani saa za kwenda nyumbani.

Aliyewashinda wote alikuwa Nimpaye. Msichana mrefu, mkimya, ambaye akifungua mdomo sentensi inatoka imekamilika. Siku aliyopewa kamba, alibana vipande vyake viwili taratibu. Cha kwanza kilisema, "Baba alirudi kuwachukua mbuzi." Cha pili, "Sisi tulivuka mto." Rafiki yake Diane, anayekaa naye benchi moja, akaning'iniza but katikati. Hakuna aliyebisha. Kila mtu pale alijua habari ya baba yake Nimpaye. Jina lake Manirakiza, mfuga nyuki. Siku ya kukimbia, wakiwa wameshaufikia Mto Ruvubu, alisema anarudi mara moja kuwachukua mbuzi wasife kwa kiu zizini. Mkewe Akimana alimwambia achana nao. Mwanaume akacheka, akaenda. Hajaonekana tena, wala hakuna aliyeleta habari zake. Malori ya wakimbizi wapya yakiingia kambini, Akimana huwa yupo pale getini, anauliza kila anayeshuka kama kamwona mwanaume mwenye pengo la meno ya mbele na alama za kuumwa na nyuki usoni. Watu walishamzoea.

Ansbert aliingia wakati vipande vile bado viko kwenye kamba. Mdomo ulikuwa umejaa. Akasoma, akatafuna, akasoma tena.

"Huyu nani?" akauliza.

"Nimpaye," Deodata akajibu. "Ndiye bora kuliko wote."

"Ndiye mwenyewe!" Ansbert akapiga meza. "Wageni wanakuja, Mwalimu. Wafadhili wenyewe, kutoka kwao Ulaya. Wanamchukua mtoto mmoja, wanamlipia sekondari hapa hapa nchini mpaka kidato cha nne. Ada, sare, godoro, nauli, kila kitu. Nataka wamsikie huyu akiongea Kiingereza."

Deodata alimwona Nimpaye akishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

"Ila hii haina chumvi," Ansbert akaendelea. Alinyoosha mkono wake wenye mafuta, akachomoa kipande kimoja kwenye kamba, akakigeuza na kuandika nyuma. Kisha akamkabidhi Nimpaye, alama za vidole zimebaki kwenye boksi. Kwa Kiingereza alichojaza pale, maana yake ilikuwa hivi: askari walimuua baba yangu mtoni, na ingawa nimeteseka sana, leo nina furaha kwa sababu shirika limeniokoa. "Kariri hiyo. Ukifika kwenye baba, nyamaza kidogo. Wape nafasi."

Deodata alimvuta nje, nyuma ya turubai.

"Mratibu, baba yake huyu mtoto hajafa."

"Umemwona?"

"Hajaonekana tu."

"Haya basi." Ansbert alikuwa anachokonoa jino kwa njiti ya kiberiti. Akatoa kipande cha nyama, akakitazama, akakirudisha mdomoni. Lo! Deodata aligeuza uso. "Mwalimu, nikwambie kitu. Mbuzi hawamlizi mzungu. Hakuna mtu anayepanda ndege kuja kulipia ada ya mbuzi. Sarufi si iko sawa? Viunganishi vyako si vimo, tena viwili? Sasa unalalamika nini?"

"Unamtaka mtoto amtangazie baba yake kifo."

"Namtaka asome! Wewe hutaki asome? Akikataa, wapo tele. Na walimu wa Kiingereza wanaotafuta mkataba wamejaa hapo Rulenge, usidhani mko wachache." Akampiga bega kirafiki, akaenda zake garini akipiga mluzi. Deodata alikwenda bombani akaliosha lile bega, gauni likalowa lote, na watu kwenye foleni ya maji wakamshangaa.

Sasa, mtu asidhani Deodata alikuwa anakuza mambo. Kwa Warundi, na kwa Wahangaza wa kijijini kwake pia, kifo hakitajwi hovyo kama bei ya ndizi. Kutangaza kifo kuna jina lake, kubika, na kuna mtu wake: mtu mzima, aliyeona kwa macho au aliyetumwa na aliyeona. Anafika, hakai, hapokei hata maji, anasema alichotumwa, na hapo hapo anaulizwa nani aliona na marehemu kazikwa wapi. Akishajibu, ndipo wanawake wanaanza kulia na matanga yanakaa. Kumbika mtu aliye hai ni kama kumchimbia shimo na kumwita aje alipime. Ndiyo maana Akimana hakunyoa nywele, hakukaa matanga, na mtu akimwita mjane alikuwa anamgeuzia mgongo. Maadamu hakuna aliyembika mumewe, mumewe alikuwa mtu aliyechelewa.

Na Ansbert aliyajua yote hayo. Mtu wa mkoa huu huu, kazaliwa humu humu. Alijua, akaona wageni hawajui, basi yameisha.

Siku iliyofuata Nimpaye alibaki darasani wenzake walipotoka. Kile kipande cha boksi alikuwa amekikunja mpaka kimekatika.

"Mwalimu," akasema, "nikikisema kwa Kiingereza, nitakuwa nimembika?"

Deodata aliacha kukunja kamba. Alimtazama yule mtoto. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa kubeba kuni, na kwenye benchi alikuwa ameandika kwa mkaa, kwa maandishi madogo mazuri, jina la shule asiyoijua hata iko wapi.

"Unaitaka hiyo nafasi?"

"Naitaka, Mwalimu. Nikikaa hapa nitaozwa. Shangazi ameshaanza kumwambia mama. Na nikijua Kiingereza vizuri nitaingia mwenyewe kwenye ofisi zile za kutafuta watu waliopotea, niwaulize ana kwa ana. Mama akienda hawamsikilizi."

Mungu wangu. Yaani amwue baba yake ili apate uwezo wa kumtafuta. Deodata alitaka kumwambia kataa, mwambie Mratibu akale mifupa yake. Lakini kukataa kungekula miaka ya mtoto huyu, si yake yeye. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Kiingereza ni zoezi tu, Nimpaye. Mama yako hakijui. Wazazi wengine nao hawakijui. Kitapita juu ya vichwa vyao."

"Kwa hiyo haihesabiki?"

"Haihesabiki."

Nimpaye akashusha pumzi, akaitikia kwa kichwa, akaenda. Deodata alibaki na mdomo wenye ladha mbaya, kama aliyelamba sarafu ya shaba. Alitema mate mlangoni, akatema tena, na ladha haikutoka.

Siku ya wageni ilikuwa ya jua kali. Yalikuja magari meupe, marefu, yenye antena mbele, na vumbi lao likatangulia kuwasalimu watu. Akashuka mama mmoja wa Kizungu mwenye kofia ya majani, mzee mmoja aliyevaa kaptula, na kijana wa kamera. Ansbert alivaa suti. Alikuwa anainama, anafungua milango, anacheka kabla kitu cha kuchekesha hakijasemwa, meno yote thelathini na mawili nje. Wanafunzi walikuwa wamevalishwa fulana za shirika juu ya nguo zao mbovu, na walikatazwa kukaa chini zisichafuke, maana jioni zilitakiwa zirudi stoo. Hilo nalo!

Wazazi walipangwa kwenye mabenchi upande wa kivuli. Akimana alikuja na kitenge chake cha pekee kisichopauka. Aliambiwa binti yake ataongea Kiingereza mbele ya wakubwa na huenda akapata shule, na uso wake ulikuwa unang'aa kwa mafuta na kwa fahari. Kando yake alikaa Niyibizi, baba yake Diane, seremala aliyegonga mabenchi yale, mwanaume mwenye masihara mengi.

"Mama Nimpaye," Niyibizi akamtania, "leo utaanza kutuongelesha Kizungu bombani."

"Nitakuongelesha, na hutanijibu," Akimana akasema, na benchi zima likacheka.

"Shikamoo, Mwalimu," watoto wadogo walimwamkia Deodata akipita. Aliitika marahaba bila kuwatazama.

Nimpaye akaitwa mbele. Alisimama wima, mikono nyuma. Akaanza kwa kusema jina lake na alikotoka, Kiingereza safi, hakikwami. Halafu akafika penyewe. Akasema askari walimuua baba yake mtoni. Akanyamaza kidogo, kama alivyofundishwa, na kamera ikasogea karibu na uso wake. Kisha akamalizia ile ingawa na ile kwa sababu, na shukrani kwa shirika. Wageni wakapiga makofi. Mama wa kofia alikuwa anajifuta macho. Wazazi nao wakapiga makofi, na aliyepiga kuliko wote alikuwa Akimana. Alipiga mpaka kitenge kikamlegea kiunoni, anageuka huku na huku awaambie watu, huyu wangu, mmemsikia, huyu wangu.

Deodata alishindwa kumtazama. Alijitazamia viatu.

Ingeishia pale, ingekuwa uchafu wa watu wachache. Lakini mama wa kofia alikuwa na moyo mzuri, na moyo wake mzuri ndio ulioharibu. Alisema haifai wazazi wakae kama magogo. Wao pia wana haki ya kuelewa mtoto wao kasema nini. Yupo mkalimani?

"Hakuna haja, madam, muda umekwenda," Ansbert akadakia, anacheka. Mama wa kofia akasema muda upo. Ansbert akasema wameshaelewa. Mama wa kofia akakunja uso, na Ansbert, ambaye asingethubutu kumkunjisha uso mtu anayetoa hela, akamkabidhi Idefonsi kipaza sauti.

Idefonsi alikuwa mkalimani wa kambi, Mrundi, mzee wa kanisa. Alitafsiri jina, akatafsiri kijiji. Alipofika kwenye ile sentensi akasita, akamtafuta Deodata kwa macho. Deodata akatikisa kichwa, usiseme, usiseme. Lakini mzee alikuwa ameshaapishwa siku aliyoajiriwa kwamba hatapunguza wala kuongeza, na Ansbert alikuwa amesimama nyuma yake. Akaisema. Akaisema kwa Kirundi, kwa kipaza sauti, mchana kweupe, na kila hema la upande ule likasikia.

Wanawake waliokaa karibu na Akimana wakaanza kujisogeza, mikono inaenda kichwani, maana msiba ukitangazwa mtu hangojei kualikwa. Akimana akawazuia kwa kiganja. Akainuka. Akakaza kitenge chake, akaenda mpaka mbele, akasimama mbele ya binti yake.

"Umembika baba yako," akasema kwa Kirundi. Hakupaza sauti. "Sawa. Nani aliona?"

Nimpaye akarudi nyuma hatua moja.

"Nakuuliza, mwanangu. Aliyeona ni nani? Kazikwa wapi? Nani alimtupia udongo? Niambie, ninyoe hizi nywele, nikakae matanga yangu. Nimechoka kusimama getini. Niambie kaburi liko wapi."

"Mama anasema nini?" mama wa kofia akauliza kwa Kiingereza, ameshika kifua.

Na Ansbert, bila hata kumeza mate, akajibu, "Anasema asante. Amejawa na furaha, madam. Anasema shirika limekuwa baba wa mtoto wake."

Wageni wakapiga makofi tena. Wallahi kama si wazimu ni nini! Wanapiga makofi, kijana wa kamera anazunguka apate machozi ya Akimana kwa mbele, na Ansbert ameweka mkono begani kwa yule mwanamke, ule mkono wake, anamgeuza taratibu atazame kamera vizuri. Maji machungu yalimpanda Deodata mpaka kooni. Aliziba mdomo kwa ncha ya kilemba na kuanza kujipenyeza kwenda mbele, hajui atasema nini, anajua tu ule mkono utatoka pale begani.

Nimpaye alimwahi. Alimnyang'anya Idefonsi kipaza sauti, akaongea kwa Kiingereza, na safari hii hakunyamaza mahali.

"Mama hajasema asante. Anauliza baba amezikwa wapi, na mimi sijui, kwa sababu hakuna mtu aliyemwona amekufa. Baba alirudi kuwachukua mbuzi. Ile sentensi alinipa Mratibu, nikaikubali kwa sababu nilitaka shule, lakini ni uongo." Kisha akaligeuzia benchi la wazazi kipaza sauti na kuyasema hayo hayo kwa Kirundi, neno kwa neno. Alipomaliza alikishusha kipaza sauti, akaukunguta mkono wa Ansbert kutoka kwenye bega la mama yake kama mtu anayekunguta mdudu.

Mzee wa kaptula alikuwa amesikia vizuri. Akamgeukia Ansbert. "Kwa hiyo baba yake yu hai?"

"Haijulikani, sir, haijulikani..."

Mama wa kofia alimtazama Nimpaye kwa huruma, tena huruma ya kweli. Akasema anasikitika sana. Binti ni hodari, anaona, lakini nafasi hii waliichangia watu wa kanisa lao kwa ajili ya yatima, na yeye hawezi kurudi kuwaambia kitu kingine. Akafunga kibegi chake, kikalia tap. Nimpaye aliielewa kila sentensi. Alimshika mama yake mkono, na wakaondoka wawili wao, wanakatiza katikati ya watu. Wanawake wakawapisha. Mmoja aliokota kilemba cha Akimana kilichodondoka, akawafuata nacho.

Ungedhani mambo yameisha, kwamba Ansbert atainamisha kichwa, ataomba radhi, hata kwa unafiki. Aibu aitoe wapi? Alijifuta jasho kwa tai. Akasema, "No problem, madam, no problem," akageukia wanafunzi waliosimama kwenye mistari na fulana zao za kuazima, akapiga kofi moja la kuwaamsha.

"Haya! Nani hapa baba yake amekufa kweli kweli? Nyoosheni mikono niwaone!"

Deodata alidhani hakuna atakayejibu. Hakuna! Mtoto gani atajibu swali kama hilo? Mikono ikapanda. Kwanza mmoja nyuma, halafu mitatu, halafu mstari mzima, wengine wanaruka waonekane, wengine wanasukumana. "Mimi, Mratibu! Mimi wangu alikufa!" "Mimi baba na mama!" "Huyo muongo, wake yupo! Mimi!" Mama wa kofia aliweka mkono mdomoni. Mzee wa kaptula alianza kuhesabu kwa kidole. Pale pale, mbele ya magari meupe, Deodata alitapika, akashika nguzo ya turubai, akatapika tena, na alipoinua uso macho yamejaa maji, ndipo alipouona mkono wa Diane.

Ulikuwa juu, umenyooka, hautikisiki. Diane hakuwa anaruka wala kupiga kelele. Alikuwa amefumba macho.

Deodata akageuka kwenye benchi la wazazi. Niyibizi alikuwa ameshamwona binti yake. Yale masihara yote yalikuwa yamemtoka usoni. Alikaa hivyo kitambo, viganja juu ya magoti, anautazama ule mkono ulionyooka. Halafu macho yake yakakutana na ya Deodata, na Niyibizi ndiye aliyeinamisha ya kwake. Akavua kofia, akainama kama mtu anayepita mbele ya wakubwa, akajipenyeza kati ya benchi alilogonga mwenyewe na ukuta wa turubai. Mguu wake mmoja ulionekana, kisha haukuonekana.

"Wewe wa pale, uliyetulia," Ansbert akamwonyesha Diane. "Njoo. Baba yako alikufaje?"

Diane akafumbua macho. Akatazama benchi la wazazi, akaona pale alipokuwa amekaa baba yake pako wazi.

"Askari," akasema, na akaanza kwenda mbele.